Nina laki tatu na pikipiki mpya: ninunue helmeti moja ya maana au nijivike mwili mzima?

Dada Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja, naishi na mume wangu Uyole, Mbeya. Ni afisa ugani. Hivi karibuni nimekabidhiwa pikipiki ya kazi, cc 125, nizungukie wakulima wa viazi kule Isongole na vijiji vya pembeni, siku nyingine nishuke hadi Kiwira. Leseni ninayo na mafunzo nimepitia, ila kwenye chombo bado mgeni. Lami naimudu. Nikiacha lami nikaingia njia za mashambani baada ya mvua, halafu nikutane na fuso la viazi linashuka, mikono inakakamaa.

Kinachoninyima usingizi ni vifaa vya kujikinga. Pikipiki ilikuja na helmeti ya nusu kichwa, inacheza hata nikikaza mkanda. Kwenye kikoba nimetoka na Sh300,000. Nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe, nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Duka moja wana helmeti inayofunika uso wote kwa Sh190,000, wanasema ina viwango vya Ulaya. Duka la pili wana ambayo kwa macho ni hiyohiyo, Sh45,000, na muuzaji anaapa zimetoka kiwanda kimoja. Jaketi la ngozi la mtumba Sh60,000. Glavu Sh35,000. Buti za ngozi Sh55,000. Vikinga magoti vya plastiki Sh35,000. Koti na suruali ya mvua Sh40,000. Nikichukua helmeti ya bei ndogo navipata vyote na chenji inabaki. Nikichukua ile ya 190,000 nabaki na laki moja na kumi, ambayo ni vitu viwili au vitatu basi.

Kaka yangu aliposikia akasema nisihangaike, atanipa helmeti yake. Ni ya kampuni yenye jina, ya uso mzima, ameivaa miaka minne. Aliwahi kuanguka nayo Mlima Nyoka, ila anasema haina hata ufa. Kaka huyu ndiye aliyenisomesha. Nitaanzaje kumkatalia?

Mume wangu anaona fedha hizo zingekaa pembeni kwa ajili ya ada ya Januari. Anasema boda wote wa hapa stendi wanaendesha na ndala, mbona wanarudi nyumbani kila siku. Mama mkwe naye ni mama wa kanisa, hataki kusikia mkwe wake anapita vijijini na suruali iliyombana kama askari. Anataka nijifunge kitenge juu.

Kuna na baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa Isongole unafika vidole havisikii breki. Gumbuti ninazo, wenzangu wanasema zinatosha. Na mwisho, mwanangu yupo darasa la kwanza shule ya Igawilo, ni njiani kabisa, nilitaka niwe nampitisha asubuhi.

Nianze na kipi, na hawa watu wangu niwaambie nini?

Mgeni wa Chombo, Uyole

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Umeniletea maswali mawili ndani ya bahasha moja. La kwanza ni namna ya kuigawa laki tatu. La pili ni namna ya kujikinga bila kumuumiza kaka, bila kukwaruzana na baba mtoto, na bila mama mkwe kununa. Nitaanza na la vifaa, kwa sababu mengi ya ndugu yatakuwa mepesi ukishajua unachowaeleza.

Kuna mambo matatu umeyachukulia kuwa ndivyo yalivyo, nami ningependa tuyapapase kidogo. Kwamba kati ya helmeti ya 45,000 na ya 190,000 hakuna nyingine. Kwamba vyote lazima vinunuliwe siku moja. Na kwamba kila kifaa kina uzito sawa na mwenzake.

Tuanze na hilo la uzito, maana linategemea namna utakavyoanguka. Mgeni wa pikipiki mara nyingi huanguka akiwa karibu amesimama: anageuza kwenye utelezi, anakanyaga pasipo na ardhi, chombo kinalala. Pikipiki ya cc 125 ina kilo mia na kumi, mia na ishirini hivi, na kinachobaki chini yake ni kifundo cha mguu. Kiganja nacho kimeshatangulia chini, kwa sababu mkono hauombi ruhusa. Aina ya pili ni kuanguka kwenye lami ukiwa na mwendo. Hapo unaburuzika. Kwenye lami kavu, mtu aliyekuwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa huburuzika mita kumi hivi kabla ya kusimama. Kwa mwendo wa 60 zinapita ishirini. Mwendo umeongezeka nusu tu, mburuzo umezidi maradufu. Aina ya tatu ni kugonga au kugongwa, kichwa kikakutana na kitu kigumu. Hii ni adimu kuliko hizo mbili, lakini ndiyo isiyokuwa na marudio. Kwa hiyo miguu na viganja vinaumia mara nyingi, kichwa kinaumia mara moja. Weka hilo akilini unapohesabu fedha.

Sasa helmeti. Bei isikutishe wala isikutulize. Geuza helmeti, tafuta kitambaa kidogo kilichoshonewa kwenye mkanda wa kidevu. Helmeti iliyopita kipimo cha Ulaya ina duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E9 Hispania. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Ya 06 ndiyo kipimo kipya zaidi. Halafu kuna herufi. P maana yake sehemu ya kidevu nayo imepimwa na inakinga. J ni helmeti isiyofunika kidevu. NP ni ile yenye kidevu cha kufungua, ambacho hakihesabiki kuwa kinga. Stika ya E iliyobandikwa nyuma ya helmeti peke yake haikwambii kitu, stika zinachapishwa popote. Na alama ya DOT ya Marekani, mtengenezaji hujiidhinishia mwenyewe, hivyo ikiwa pekee isikutoshe.

Kisha vua bitana ya ndani, muuzaji akikubali. Akikataa, ingiza vidole pembeni mwa bitana. Utafute povu gumu, lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi, mara nyingi limepakwa rangi nyeusi. Liwe nene, sentimita mbili au tatu, lizunguke kichwa chote hadi mashavuni na kidevuni. Ukibonyeza kwa dole gumba na likazama kisha likarudi, hicho ni kisponji cha starehe. Helmeti nyingi za bei ya kutupa zina kisponji na plastiki tu. Wala usiseme za 45,000 zote ni mbovu au za 190,000 zote ni nzima. Zichunguze zote mbili kwa njia hii, na ulizia zilizo katikati, laki moja, laki moja na ishirini. Helmeti iliyopimwa ya bei ya kati inakinga kichwa vizuri. Ile ya ghali mara nyingi imeongeza wepesi, matundu ya hewa na rangi.

Hata iliyopimwa, isipokukaa ni kazi bure. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kichwa kidole kimoja na nusu hivi juu ya nyusi, ipite nyuma mahali panapochomoza zaidi. Sentimita 55 na 56 kwa kawaida ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, ila kila kiwanda kina lake, soma karatasi yao. Ukiivaa, mashavu yabanwe hadi uhisi unayang'ata kidogo ukitafuna. Ishike kwa mikono, izungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso ifuatane nayo. Funga mkanda, nafasi ya kupitisha vidole viwili isizidi. Kisha inamisha kichwa, mwombe mtu ashike ukingo wa chini kisogoni aisukume juu kuelekea mbele. Ikivuka, irudi rafu. Ikibaki, kaa nayo dakika kumi na tano humohumo dukani. Ukiivua ukakuta alama nyekundu inayouma kwenye paji, umbo lake si la kichwa chako, jaribu aina nyingine badala ya kupanda saizi.

Nywele nazo, kwa kuwa hili wauzaji wa kiume hawatakukumbusha. Ukipimia helmeti ukiwa na rasta nene, siku ukifumua itakuwa imelegea, na fundo la kisogoni huinua helmeti ikakaa kwenye nyusi. Nenda dukani na nywele unazozivaa siku nyingi za kazi. Twende kilioni inalala vizuri. Kitambaa chepesi cha pamba chini yake hakina neno.

Helmeti ya kaka ina mambo yake. Lile povu gumu hufanya kazi kwa kubondeka. Kichwa kikigonga, povu linasagika na kula nguvu ya pigo, na halirudi lilivyokuwa. Ganda la nje linaweza kubaki linang'aa bila ufa wakati ndani pameshaminywa, na huwezi kuliona kwa macho. Helmeti iliyokwisha kuanguka na kichwa ndani imeshafanya kazi yake. Ongeza miaka minne ya jasho na jua. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha baada ya miaka mitano hivi ya kuvaliwa hata bila ajali. Tena ilikaa na umbo la kichwa chake, si chako.

Je, umkatalie? Unaweza kuipokea kwa heshima ukaiweka ndani. Hasara yake ni kwamba siku atakapokukuta barabarani na nyingine atajiuliza mengi. Unaweza kumweleza wazi habari ya povu, na pengine utamsaidia yeye mwenyewe, maana kama bado anaendesha na helmeti ile, naye yumo hatarini. Au umwombe kitu kingine: akusindikize Mwanjelwa siku ya kununua, awe yeye wa kuisukuma helmeti kisogoni na kubana bei. Mtu aliyekusomesha mara nyingi anachotaka ni kuwa na mkono wake katika jambo lako. Wewe ndiye unayemjua, utaona lipi linamfaa.

Tukitoka kichwani, mimi ningetazama mikono na miguu kabla ya jaketi. Glavu nzuri ina kiganja cha ngozi, ya mbuzi au ng'ombe, na kipande cha pili kimeshonewa kwenye kitako cha kiganja, pale panapotua kwanza. Iwe na kamba ya kukaza kwenye kifundo cha mkono. Ivae, kaza, mwambie mtu avute ncha za vidole. Ikichomoka dukani, barabarani haitakungoja. Glavu za wachomeleaji zinatamanisha kwa unene na bei, lakini ni pana na hazina hisia: hujui breki umeishika kwa kiasi gani. Kwa ajili ya baridi, chukua inayoacha nafasi ya glavu nyepesi ya kufuma ndani, kisha ujaribu kubana klachi mara nyingi mfululizo. Vidole vikichoka dukani, mlimani vitagoma.

Na hiyo baridi si ya starehe tu. Asubuhi yenye nyuzi 10, ukienda kilomita 60 kwa saa mwili unaisikia kama nyuzi 5. Vidole vilivyoganda vinachelewa kufika kwenye breki, na kuchelewa kidogo ni mita kadhaa.

Gumbuti. Wenzako hawakosei kabisa: zinazuia matope, na mguu hauchomwi na ekzosi upesi. Ila hazikai, pikipiki ikilalia mguu buti linabaki na mguu unatoka, au mguu unabaki na kifundo kinapindika, kwa sababu mpira hauna ubavu. Buti la ngozi liwe limepita kifundo. Lishike kisigino na ncha, likamue unavyokamua nguo. Likikubali kusokoteka, ndivyo mguu wako utakavyosokoteka. Kamba za buti zichomeke ndani, zisining'inie, zinanasa kwenye kanyagio la gia na wewe hujui mpaka unapotaka kutua mguu ukakuta haushuki. Lenye chuma mbele halina ubaya, ila panda nalo pikipiki kwanza uone kama linapita chini ya gia. Siku za mvua kubwa pengine utarudi kwenye gumbuti, sawa, ila ujue umeacha nini nyumbani.

Jaketi la ngozi la mtumba linaweza kuwa bahati au pambo. Minya ngozi kati ya vidole: ya kuendeshea ina milimita moja na zaidi, ya fasheni ni nyembamba na laini. Tazama mishono ya bega na kiwiko, iwe ya nyuzi mbili au tatu. Jaketi hupasukia kwenye mshono. Halafu lijaribu umekaa kama uliyeshika usukani, maana mikono hupanda. Ukikutana na la kitambaa lenye vikinga begani na viwikoni, lina faida kubwa, ila lisikuzidi, maana kikinga kinachozunguka kikahamia pembeni ya kiwiko hakikingi kiwiko. Kama fundi anaweza kulipunguza mikono bila kugusa mahali pa vikinga, hilo nalo ni la kufikiria. Trakisuti za nailoni ziache kabisa, zikisuguana na lami zinayeyuka na kushikana na ngozi ya mwili. Ngozi ikilowa ianikwe kivulini. Ukiianika karibu na jiko itakakamaa ipasuke. Juu ya yote vaa kizibao cha reflekta cha njano kali. Jaketi jeusi ndani ya ukungu wa Isongole, dereva wa lori anayetoka Kasumulu usiku kucha hakuoni.

Kwenye ukungu huohuo kioo cha helmeti hufuka kwa pumzi. Chukua kisicho cheusi, paka ndani tone dogo la sabuni ya maji ya vyombo, acha likauke kidogo, futa kwa kitambaa laini hadi king'ae. Au kiache wazi kidogo. Wala usitundike helmeti kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kile kichuma kinatoboa povu polepole.

Sasa kitenge cha mama. Hofu yake ni ya heshima na inastahili jibu la heshima. Lakini kitenge kwenye pikipiki kina njia mbili za kuleta msiba: ncha yake inavutwa na mnyororo au gurudumu la nyuma, au inanasa kwenye kanyagio wakati wa kutua mguu. Umechukulia kwamba uchaguzi ni suruali ya kubana au kitenge. Ipo suruali pana ya kitambaa kizito, dengrizi nzito au kitambaa cha ovaroli, inayoficha vikinga magoti ndani yake, miguu imechomekwa kwenye buti. Kitenge kikae kwenye begi, ukifika kwa mwenyekiti wa kijiji unajifunga kabla ya kushuka shambani. Vikinga magoti viwe na mikanda juu na chini ya goti, wa juu pekee huviacha vikateleza hadi ugokoni. Mama akikuona umejifunga mbele ya wazee, huenda hoja ya suruali isirudi tena. Huenda pia ikarudi. Je, ni yeye pekee anayelisema, au nawe kidogo unawaza macho ya watu?

Baba mtoto anasema boda wanarudi nyumbani kila siku. Wanaokaa kijiweni ndio waliorudi. Waliovunjika miguu wako wodini au kwao, hawawezi kuwa kijiweni. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa Cochrane wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti inapunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila sidhani kama hesabu ndiyo itakayomgeuza. Umemsikia akisema ada. Umewahi kumuuliza kama anaogopa? Wanaume wengi hofu yao huitoa kwa njia ya fedha. Ukinunua kimyakimya, vifaa utakuwa navyo na ugomvi pia. Ukimpeleka dukani akashika helmeti mbili na kubonyeza povu kwa dole lake, pengine ataichagua yeye. Na kama kweli ada imebana, hilo nalo ni la kweli, msikilize.

Njia zilizo mbele yako ni hizi. Ukichukua helmeti ya 190,000, glavu na buti, unafika 280,000 na chenji inatosha reflekta. Viwiko na magoti vinabaki wazi kwa miezi kadhaa, na mvua itakupata. Ukivumilia kutafuta helmeti yenye lebo ya kweli kwa 110,000 hivi, utapata glavu, buti, jaketi la ngozi na vikinga magoti kwa 295,000, koti la mvua likasubiri. Hatari ni kwamba kutafuta kunaweza kuchukua wiki, na wiki hizo unaendesha na hiyo nusu kichwa. Ukichukua ya 45,000 unajivika mwili mzima, na kila kitu kinategemea yale utakayoyaona chini ya bitana.

Ipo na ya nne, ambayo hukuitaja. Pikipiki ni ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa vifaa vya kujikinga. Andika barua kwa mkuu wa idara yako, uitaje sheria hiyo, utaje kifaa kimoja kimoja na saizi yako kwa sentimita, pamoja na herufi P na namba 05 au 06. Usipotaja, zitanunuliwa za bei ya chini, saizi moja kwa wote, na utarudi palepale. Bajeti huchelewa, kwa hiyo usiiweke roho yako yote hapo, lakini barua haigharimu kitu, na maafisa wenzako watakushukuru.

Nimemwacha mtoto mwisho kwa makusudi. Helmeti ya mtu mzima kwa kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza ni mzigo unaozunguka na kumfunika macho. Anahitaji ya saizi yake, ipimwe kwa tepu vilevile. Nyayo zake zifike kwenye vikanyagio vya nyuma bila kunyoosha vidole, na mikono yake iweze kukuzunguka na kushika. Kama hazifiki, hakuna kifaa cha kuziba hilo. Akibebwa mbele kwenye tangi, anabanwa kati yako na usukani. Na wewe mwenyewe umesema bado ni mgeni. Pikipiki yenye abiria hukaa tofauti kwenye kona na breki, hata abiria akiwa mdogo. Kutoka Uyole hadi Igawilo kuna daladala. Unaweza kumpandisha nayo kwa sasa, au kumkabidhi kwa jirani anayepeleka wake, halafu mwakani mkae tena mlizungumze, yeye akiwa amerefuka na wewe umeshazoea chombo. Unaweza pia kuona tofauti na mimi, wewe ndiye mama yake. Ila kabla hujaamua mkalishe kwenye siti ya nyuma, chombo kimezimwa uani kikiwa kwenye stendi kubwa, utazame miguu yake inafika wapi.